Buletini ya Loti ya Tatu

2 Septemba

Leo nimekabidhiwa buletini. Kila mwezi Kitivo chetu cha Famasia hutoa kurasa nne za habari na mafanikio ya walimu. Mahmoudi aliyekuwa akiziandika amepata kazi Kinshasa, akaondoka bila hata kurudisha ufunguo wa kabati. Doyen, mkuu wa kitivo, akaniita.

"Mama Leila, wewe unaandika vizuri," alisema.

Maana yake ni kwamba mimi ndiye mwanamke pekee mwenye cheo cha chef de travaux, juu ya wasaidizi na chini ya maprofesa, na kazi ya kuwasifu wanaume lazima apewe mwanamke.

Doyen wetu ni Profesa Bafende. Ana umri wa miaka hamsini na sita, suti tatu, na makala mbili alizoziandika mwenyewe. Nyingine kumi na tisa ziliandikwa na watu waliohitaji sahihi yake.

Daftari hili naandika kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, kile alichonipigia bibi yangu vidole mpaka nikakinyoosha. Ofisini hakuna atakayejisumbua kukisoma. Kifaransa nawaachia wao na buletini yao.

5 Septemba

Niliomba kila mwalimu aniletee mafanikio yake ya mwezi. Yamefika kumi na saba. Mmoja ameandika kwamba amebadilishiwa kiti. Mwingine alikwenda kwenye kongamano Kinshasa siku tatu. Nilimuuliza alizungumza juu ya nini, akajibu kwamba alihudhuria. Ameambatanisha picha ya beji yake.

9 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Maabara ya upimaji dawa inavuja palepale inapovuja kila mwaka, na papa Hemedi ameweka ndoo palepale.

Papa Hemedi, kama wote tunavyomwita kwa heshima, ni fundi wa maabara. Alikuja kutoka Kasongo akiwa kijana, ana miaka thelathini na moja hapa, na sijui kama amewahi kumaliza sentensi moja mbele yangu. Anaosha chupa za vioo polepole, kama mtu anayeogesha kichanga. Ukimuuliza saa, anatazama kwanza dirishani. Wanafunzi wanampenda, jambo ambalo kwangu halimwongezei kitu. Wanafunzi humpenda yeyote asiyewapa maksi.

16 Septemba

Karakana yetu ya dawa imefunguliwa. Ni chumba kimoja chenye masufuria mawili ya chuma, mzani, na mashine ya kufunga vifuniko. Humo tutatengeneza dawa ya maji ya homa kwa watoto, paracetamol yenye ladha ya chungwa, na kuiuza kwa bei ndogo kwenye famasia ya kitivo pale getini. Doyen alivaa koti jeupe la mtu mwingine, mikono ikamfika kwenye viwiko, akapigwa picha akikoroga sufuria tupu.

Anayeendesha karakana ni Larissa, msaidizi, miaka ishirini na tisa. Anatembea haraka hata anapokwenda chooni. Ana mafanikio matatu kila mwezi na ananiletea yote yamechapwa tayari, na jina lake kwa herufi nene.

30 Septemba

Buletini yangu ya kwanza imetoka. Nimeandika kwamba doyen "alikoroga kwa umahiri ambao sufuria haitausahau." Nimeandika kwamba mwenzetu "alihudhuria kongamano kwa mwili wake wote." Nilicheka peke yangu nikiandika, machozi yakanitoka.

Doyen ameisoma mbele yangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Très bien. Endelea vile vile."

Hakuna hata mmoja aliyeona.

3 Oktoba

Mvua. Hakuna kitu.

8 Oktoba

Papa Hemedi alikuja ofisini kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisimama karibu na mlango mpaka nilipochoka kumwona.

"Karibu, papa. Sema."

"Mama Leila, nilikuwa naomba uweke hii mu buletini."

Nilisoma. Mwandiko wa shule ya zamani, herufi zimelala upande mmoja. Alikuwa ameandika kwamba sahani za kupimia, vile vioo vilivyopakwa unga, zimekwisha maabara tangu Julai, isipokuwa moja aliyoitunza kwa mtihani wa wanafunzi. Kwa hiyo glikoli, yaani kile kimiminika kizito kinachoyeyusha dawa ya homa, haipimwi tena inapofika. Karakana isifungue bidoni jipya, lile dumu inamokuja, mpaka sahani zinunuliwe.

"Papa Hemedi, hii ni buletini ya mafanikio."

"Ndiyo, mama."

"Hii ni mafanikio gani?"

Alitazama dirishani. "Nilimuandikia doyen mara mbili. Hakujibu. Lakini buletini batu yote banaisomaka. Kama iko mule, atajibu."

Chini ya karatasi alikuwa ameandika jina lake lote, na cheo, na miaka yake ya kazi. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: hata huyu anataka jina lake litokee. Miaka thelathini na moja ya kusubiri, na njaa ni ileile ya wenzake.

"Nitaona," nilimwambia. Nikaiweka kwenye droo.

15 Oktoba

Bidoni la glikoli lililotoka kwa muuzaji wetu wa kawaida limekwama uwanja wa ndege wa mbali huko. Larissa amepata jingine hapahapa mjini, kwa mfanyabiashara mmoja, lina karatasi na mhuri. Loti ya tatu, yaani mkupuo wa tatu wa dawa, imetengenezwa leo: chupa themanini na nne. Larissa ameniletea habari hiyo imechapwa, na picha yake akishika chupa kama anayebatizwa nayo.

22 Oktoba

Paa la darasa la mwaka wa kwanza limeanguka nusu. Walimu wawili wameniuliza kama habari hiyo itakula nafasi yao.

31 Oktoba

Nimetuma buletini ya Oktoba. Juu ya dawa yetu nimeandika hivi, na nainakili hapa kwa sababu ninajivunia: "Ni safi kuliko maji ya mto tunayokunywa sisi sote, na mama anaweza kumpa mwanawe akiwa amefumba macho."

Sijawahi kusifu kitu kwa dharau kubwa namna hii. Doyen ameomba sentensi hiyo iwekwe kwenye ukurasa wa kwanza, ndani ya fremu.

5 Novemba

Fremu imetembea. Watu wameipiga picha na kuirusha WhatsApp. Leo shangazi yangu, ambaye hajui hata kazi yangu ni nini, amenirushia maneno yangu mwenyewe na kuandika chini yake: "Soma hii, ni watu wa chuo wanasema." Loti ya tatu imeisha getini kwa siku nne. Rekta, mkuu wa chuo kizima, atakuja tarehe 22 kumpa doyen cheti cha ubunifu.

Mji huu unaamini chochote kilichochapwa. Nimecheka, lakini si sana.

11 Novemba

Mvua. Barabara ya Mangobo imekuwa matope matupu, nilifika na viatu mkononi.

13 Novemba

Mama Berthe hayupo getini kwa siku ya pili. Ndiye anayetukaangia mikate asubuhi, na kitivo kizima kimenuna kwa njaa. Profesa mmoja amesema watu wa namna hii hawana nidhamu ya kazi. Yeye mwenyewe hajafundisha tangu Jumatatu.

14 Novemba, Ijumaa

Naandika pole pole ili nisiruke kitu.

Saa tatu asubuhi papa Hemedi aliingia ofisini bila kugonga. Hajawahi.

"Mutoto ya mama Berthe iko hospitali," alisema. "Plamedi. Ana siku mbili hajakojoa."

"Malaria," nilisema. Kila kitu hapa ni malaria.

"Malaria haifungake mukojo vile, mama. Nilipita kwa dada ya mama Berthe. Alikunywa siro yetu siku ine, kijiko asubuhi, kijiko mangaribi. Homa ilishuka. Kisha akaanza kutapika, kisha mukojo ikaisha." Akatoa mfukoni chupa yetu, robo tupu. "Mama Leila, ninaomba ufunguo ya karakana."

Nilitoa ufunguo wa akiba, nikaenda naye. Sijui kwa nini nilikwenda. Nadhani nilitaka kumwona akikosea.

Alichota kidogo kutoka bidoni la mjini. Halafu tukaingia maabara, akatoa kabatini ile sahani moja ya mtihani, kioo kilichopakwa unga mweupe, akaikata vipande vinne kwa kisu cha almasi. Mikono ile niliyoiona mizito miaka yote ilikata mistari iliyonyooka. Alitia matone matatu kwa mstari: la kwanza kutoka chupa ya zamani ya glikoli safi, la pili kutoka bidoni, la tatu kutoka chupa ya Plamedi. Akasimamisha kipande ndani ya mtungi wa kioo wenye kiyeyushi chini, akafunika.

"Sasa tunangojaka," alisema.

Tulingoja karibu saa nzima. Mvua ilikuwa inadondoka ndani ya ndoo. Niliona kwamba kila chupa kwenye rafu zake ina tarehe, na kila tarehe ina mwandiko uleule uliolala. Nimefanya kazi miaka kumi na mbili upande wa pili wa ukuta wa chumba hiki, na sikuwahi kuzisoma.

Alitoa kipande, akakikausha, akakinyunyizia permanganate. Kikawa cha zambarau chote. Kisha madoa ya njano yakaanza kutokea. Kwenye tone la kwanza, doa moja. Kwenye la pili, madoa mawili, moja juu ya jingine. Kwenye la tatu, tone la Plamedi, mawili.

"Hii ya juu ni yetu," papa Hemedi alisema. "Hii ya chini ni ile ingine. Ya kiwanda. Banaitiaka mu breki ya motokari. Inauaka figo."

Alirudia na kipande cha pili. Mawili tena. Akaweka vipande vyote viwili juu ya karatasi safi, akaandika saa na tarehe, akaketi. Sijawahi kumwona akiketi.

Nilitaka kusema jambo juu ya ile karatasi ya Oktoba. Yeye hakuitaja. Nilingoja aitaje, nikawa karibu kumchukia kwa kutoitaja.

15 Novemba, Jumamosi

Saa mbili tulikuwa kwa doyen, ofisini: mimi, papa Hemedi na Larissa. Papa Hemedi aliweka vile vipande mezani. Doyen hakuvigusa. Alivitazama kama bili ya hoteli.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi," nilisema.

"Bon. Jumatatu ninaitisha komisheni. Watu watano. Watatoa ripoti. Mpaka hapo hakuna mtu anaandika kitu, hakuna mtu anasema kitu."

"Mtoto yuko hospitali leo, Prof."

"Donc, basi anatibiwa."

"Daktari hajui anachokitibu."

Alivua miwani, akaisafisha kwa tai. "Mama Leila, rekta anakuja tarehe 22. Unataka kuharibu kitivo kizima kwa sababu ya madoa mawili ya huyu papa? Yeye hata diploma hana."

Nilijua sauti hiyo. Ni yangu. Ndivyo ninavyoongea humu ndani tangu Septemba, na kuisikia ikitoka mdomoni mwa Bafende kulinifanya nijione kama niliyevalishwa koti lake.

Larissa alikuwa anatazama sakafu. Papa Hemedi alikusanya vipande vyake, akavifunga kwenye leso.

"Mimi naenda hospitali," nilimwambia doyen.

"Ukienda, unaenda kwa jina lako mwenyewe."

Nilipanda pikipiki pale getini, matope yakinirukia mpaka mgongoni. Daktari wa watoto anaitwa Djamila, mwanamke mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza bila kuandika, kisha akamwita muuguzi na kuanza kutoa maagizo: pombe safi kwa kipimo, kwa mrija, mara moja, maana hiyo ndiyo inayoizuia sumu ile isiendelee. Aliponirudia alisema tu, "Kama mungeniambia juzi."

"Tulijua jana."

"Kuna mwingine, wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Alikufa Jumatano. Mutoto wa miaka mitatu, Assumani. Niliandika malaria." Alinitazama. "Niliandika malaria, mama. Kwa mukono yangu."

Mama Berthe alikuwa ameketi kwenye korido, juu ya kitenge alichokitandika sakafuni. Niliinama mpaka usawa wake. Nikamwambia ni dawa yetu, na kwamba daktari sasa anajua la kufanya.

Hakulia. Alisema, "Wewe ndiyo uliandikaka."

"Ndiyo."

"Nilikuwa naogopa kumupa. Dada yangu akanisomea mu telefone. Akifumba macho, ulisema. Nikacheka, nikamupa."

Alicheka. Katika mji mzima huu ni mama Berthe peke yake, mwenye sufuria ya mafuta getini, aliyeona kwamba sentensi ile inachekesha. Na bado aliiamini, kwa sababu hakuweza kufikiri kwamba mtu wa chuo anaweza kuchezea jambo kama hilo.

16 Novemba

Leo asubuhi nimeandika buletini ya ukurasa mmoja. Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Loti ya tatu, dawa ya homa ya watoto, kifuniko cha rangi ya chungwa. Msimpe mtoto. Aliyekwisha kunywa apelekwe hospitali leo, hata kama anacheza. Rudisheni chupa. Nimeandika kwamba fundi Hemedi alionya kwa maandishi tarehe 8 Oktoba, na kwamba mimi niliyaweka maandishi yake kwenye droo. Nimetia sahihi yangu. Nimeituma kwenye makundi yote, na kwa shangazi.

Doyen amepiga simu mara kumi na moja. Sikupokea.

17 Novemba

Nilitarajia Larissa awe amekimbilia kwa wazazi wake. Saa moja alikuwa mlangoni kwangu na daftari la mauzo la getini, majina na mitaa, na pikipiki mbili zinangoja nje. Macho yamevimba.

"Ni mimi nilinunua bidoni," alisema. "Tutaanza na Mangobo?"

Hakuwa na picha ya kuniletea. Tukaanza na Mangobo.

Chupa kumi na tisa leo. Mtoto mmoja tumempeleka hospitali sisi wenyewe, Larissa amembeba kwenye pikipiki. Lubunga kesho.

18 Novemba

Chupa ishirini na mbili. Mama mmoja ametumwagia maji ya vyombo. Mwingine amekataa kuitoa dawa kwa kuwa ilimponya mwanawe, nikabishana naye nusu saa dhidi ya sifa nilizoziandika mwenyewe. Lubunga kesho.

19 Novemba

Larissa amevuka kwenda Lubunga na mtumbwi wa mashine. Nilimwambia mimi nina kazi huku Makiso. Amerudi na chupa saba, za kila jina la Lubunga lililomo daftarini. Jina la wazazi wa yule mtoto aliyekufa halimo. Kuna mtu aliwanunulia. Nitawatafuta kesho.

20 Novemba

Mtu mmoja alinunua chupa sita akazipeleka kuuza Bengamisa. Papa Hemedi amekwenda nyuma ya lori la mizigo, akarudi jioni na zote sita, moja imefunguliwa. Aliyeifungua ni mzee mwenye jino bovu. Ni mzima.

Lubunga kesho.

22 Novemba

Rekta hakuja. Badala yake imekuja barua: nimesimamishwa kazi miezi mitatu kwa "mawasiliano yasiyoidhinishwa." Nimeisoma mara mbili kutafuta kosa la sarufi, nikalipata kwenye mstari wa pili. Haikunisaidia kitu.

24 Novemba

Kitivo kimetoa buletini mpya, sijui nani ameiandika. Inasema: "Chini ya uongozi wa Doyen Profesa Bafende, mfumo wetu wa upimaji umegundua kasoro mapema na kuokoa maisha." Picha ni ya doyen, amevaa lile koti fupi, ameshika mtungi wa kioo juu chini.

Nilimpelekea papa Hemedi nyumbani kwake. Aliisoma yote, bila haraka, kidole chini ya mistari.

"Haujakasirika, papa?"

"Banasema mfumo," alijibu. "Basi sasa itabidi banunue sahani."

Nilimwuliza kile nilichotaka kumwuliza tangu ile Ijumaa: kwa nini siku ile alitia jina lake lote chini ya karatasi, na cheo, na miaka.

Alishangaa. "Karatasi bila jina, wanaitupaka. Nilitaka wajue nani wa kuuliza, kama hawaamini."

Mke wake alileta chai. Niliinywa ikiwa bado inachoma.

29 Novemba

Plamedi amekojoa. Daktari Djamila alinipigia simu kuniambia, akatumia neno hilohilo, bila neno lolote la hospitali. Watoto wengine watatu wamekwisha kurudi nyumbani. Chupa tulizozipata ni themanini na moja. Nyingine mbili tulithibitisha zilinyweka zikaisha, na watoto wao tumewaona. Inabaki moja.

Najua iko wapi. Nimejua tangu tarehe 15.

1 Desemba

Mvua. Sikuvuka.

3 Desemba

Mvua kidogo tu. Sikuvuka. Nimewadharau watu wengi katika daftari hili, kila mmoja kwa kosa lake, na sasa nikirudi nyuma kuyasoma sioni kosa lililo dogo kama hili, la mtu anayeogopa mto ambao watu wanauvuka na mbuzi.

6 Desemba

Nimevuka.

Niliuliza kwa mafundi wa reli, wakanielekeza nyumba ya udongo yenye mlango wa bati, nyuma ya mashamba ya mihogo. Mama yake Assumani anaitwa Georgette. Ni mdogo kuliko nilivyomtarajia, labda miaka ishirini na minne, na mgongoni alikuwa na mtoto wa kike wa miezi kadhaa, amelala. Alidhani ninatoka kanisani. Akanipa kiti kimoja kilichokuwepo, yeye akaketi kwenye mkeka.

Hawana simu. Tangazo langu la lugha tatu halikufika. Shemeji yake ndiye aliyewanunulia dawa, kisha akaenda zake Ubundu.

Nilimwuliza kama chupa ilibaki. Alinyoosha mkono nyuma ya kichwa changu. Ilikuwa juu ya ubao wa ukutani, pamoja na sabuni na kitana, kifuniko cha chungwa kimefungwa vizuri. Nusu.

"Ninamuchungia huyu," alisema, akimtikisa aliye mgongoni. "Meno inakuja. Jana alichemuka, nikasema nikiona kesho inaendelea nimupe."

Wiki tatu. Kila "kesho" niliyoiandika humu, chupa ilikuwa pale, na mtoto alikuwa chini yake.

Niliichukua nikaitia mkobani kabla sijasema neno. Aliniangalia.

"Mama, hii dawa ndiyo iliyomuua Assumani. Haikuwa malaria."

Mtoto mgongoni akaamka, akanitazama, akalala tena.

"Ninyi mulijua?"

"Mmoja wetu alijua ni hatari kabla haijatengenezwa. Aliniambia mimi, kwa maandishi. Sikumsikiliza. Halafu nikaandika kwamba ni nzuri."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ndani ya mtumbwi. Yalikuwa mazuri, kama yote niandikayo.

"Nilikuwa ninawacheka," nilisema.

Georgette aliinuka, akafungua mlango wa bati, akaita nje kuelekea shambani. Mwanaume alijibu kutoka mbali. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, mpaka alipomwona anakuja, jembe begani. Ndipo akanigeukia.

"Sema tena," alisema. "Yote. Baba yake asikie."

Nilisimama. Mwanaume aliingia, akafuta mikono kwenye suruali ili anisalimie. Nikaanza tena, tangu karatasi iliyokunjwa mara nne.